Masikio Mawili na Silinda Moja

Wahenga walinena kuwa sikio halilali na njaa. Maana ya methali hii yajulikana: habari hazikosi kuja, na mwenye sikio hakosi la kusikia. Lakini wahenga walitaja sikio, hawakutaja masikio. Na tofauti hiyo ndogo ndiyo mlango wa insha hii. Sikio moja latosha kumwambia mtu ni neno gani lililonenwa, na mara nyingi latosha kumwambia ni nani aliyelinena. Bali kumwambia kwa hakika limetoka wapi, kushoto au kulia, hiyo hasa ni kazi ya masikio mawili yanayosaidiana.

Nakusudia kueleza kwa ufupi jinsi wataalamu walivyoitambua kazi hiyo, na jinsi historia ya utambuzi huo ilivyofungamana na historia yetu ya Afrika ya Mashariki kwa fundo ambalo wachache hulikumbuka. Mfano wangu mkubwa nautoa katika milima ya Usambara, upande wa Lushoto, kwa sababu huko umbo la nchi lenyewe humfundisha mtu kuwa sauti ina mahali pake. Mwisho nitauliza swali linalotuhusu sisi tunaofundisha na kukusanya fasihi simulizi: je, tunapozihifadhi sauti za wazee, twazihifadhi nzima, au twazihifadhi nusu?

Mwenye kupanda kutoka Mombo kwa njia ya Soni hata kufika Lushoto hana budi kuona kuwa nchi hii imeumbwa kwa mabonde. Mji wenyewe, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, umekaa katika kimo cha mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na umezungukwa na migongo ya milima. Pale Irente, si mbali na mji, mlima hukatika ghafula, na mtu asimamaye ukingoni huitazama nyika ya Mazinde iliyo chini yake kwa kina cha karibu mita 1,000. Wasambaa tangu kale wamezitenga nchi hizi mbili kwa majina: Shambaai, nchi ya juu yenye mvua na migomba, na nyika, nchi ya chini yenye joto na ukame.

Katika nchi ya namna hii watu huwa karibu kwa macho na mbali kwa miguu. Nyumba iliyo ng'ambo ya bonde huonekana waziwazi hata moshi wa jikoni, walakini kuiendea ni kazi ya kuteremka mpaka mtoni na kupanda tena. Hapo ndipo sauti inapofanya kazi ya miguu. Katika hewa yenye nyuzi 15 za sentigredi sauti huenda mita 340 kila sekunde. Katika joto la pwani la nyuzi 30 huenda mita 349 hivi. Basi bonde likiwa na upana wa mita 680, mwito wa mtu wa Lushoto huchukua sekunde mbili kufika upande wa pili, na mwangwi wake humrudia baada ya sekunde nne. Fauka ya hayo, asubuhi na mapema, hewa baridi inapokuwa imelala bondeni na hewa yenye joto zaidi imekaa juu yake, mawimbi ya sauti hupindwa kuelekea chini badala ya kupotelea angani, na maneno ya watu walio mbali husikika kana kwamba wako uani. Msikilizaji hasikii maneno tu. Ajua ni mgongo upi wa mlima unaomwita, na ageukie wapi ili ajibu.

Nchi hii ndiyo iliyokuwa milki ya Wakilindi. Habari zake nyingi twazipata katika kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, Habari za Wakilindi, kilichotolewa upya na East African Literature Bureau mwaka 1962. Humo twasoma habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu, aliyeua simba na kupewa nchi, na za kizazi chake kilichotawala kutoka Vuga kwa cheo cha Simba Mwene. Mwaka 1848 Johann Ludwig Krapf alifika Vuga kwa Kimweri ye Nyumbai, mfalme aliyefariki mwaka 1862. Naye Steven Feierman, aliyefanya uchunguzi wake Usambara katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu juu ya ufalme huo mwaka 1974, alionyesha jinsi masimulizi ya nchi yalivyotunzwa katika vinywa vya watu wa koo na sehemu mbalimbali, na kila upande ukawa na namna yake ya kuyasimulia. Neno hili na tulishike, maana tutalirudia: historia ya Usambara haikutunzwa na sauti moja. Ilitunzwa na sauti nyingi, na kila moja ilikuwa na mahali pa kusimama.

Lugha yetu nayo hushuhudia jambo hilo hilo. Msemaji wa Kiswahili hawezi kutaja mahali bila ya kuchagua katika njia tatu: pale, kule, au mle. Sauti yatoka pale, basi mahali ni maalumu na panaweza kunyooshewa kidole; yatoka kule, basi upande wajulikana lakini kituo hakijulikani; yatoka mle, basi imo ndani ya kitu, nyumbani au msituni. Mtoto wa miaka minne huyatumia haya bila ya kufundishwa. Ngeli ya mahali, ambayo wanafunzi wa kigeni huihesabu kuwa mzigo, ni ushahidi kuwa wenye lugha hawakuridhika kujua kuwa jambo lipo. Walitaka kujua lipo vipi kwa mahali. Haiwi ajabu, basi, kwamba elimu ya mahali pa sauti ituhusu.

Sasa na tuitazame elimu yenyewe. Mwanasayansi Mwingereza John William Strutt, ajulikanaye zaidi kwa jina la Lord Rayleigh, alilishughulikia swali hili kwa miaka mingi, na mwaka 1907 akatoa maelezo ambayo hata leo ndiyo msingi. Alisema kuwa sauti nyembamba huzuiliwa na kichwa, kama mti uzuiavyo jua, hata sikio lililo upande wa pili likawa katika kivuli na kuisikia hafifu zaidi. Tofauti ya nguvu baina ya masikio ndiyo imwambiayo mtu upande. Lakini sauti nene hukizunguka kichwa bila ya kuzuilika sana, kwa hiyo tofauti ya nguvu huwa ndogo mno. Kwa sauti hizo akili hutumia tofauti nyingine: wimbi hulifikia sikio moja kabla ya jingine. Na tuhesabu wenyewe. Ikiwa njia ya kukizunguka kichwa ni sentimita 22 hivi, na sauti huenda mita 340 kwa sekunde, basi kuchelewa kwake hakuzidi sehemu saba za sekunde iliyogawanywa mara elfu kumi. Muda huo ni mdogo kuliko kufumba na kufumbua, nao ndio mkubwa kuliko yote. Sikio zuri hutambua tofauti ndogo kuliko huo mara nyingi.

Waliolipa jambo la muda uzito wake kamili walikuwa Max Wertheimer na Erich Moritz von Hornbostel, huko Berlin. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, walibuni chombo cha kutambua upande zilikotoka sauti za mizinga ya adui. Kanuni yake ilikuwa nyepesi. Ikiwa masikio hutambua upande kwa sababu yako mbalimbali, basi mtu akipewa midomo miwili ya kupokea sauti iliyotengana kuliko masikio yake, na kila mdomo ukapeleka sauti katika sikio moja kwa mrija, atatambua upande kwa usahihi zaidi. Kwa mzaha chombo kiliitwa Wertbostel, kwa kuyaunganisha majina yao. Mwaka 1920 walichapisha nadharia yao katika taarifa za Chuo cha Sayansi cha Prussia, wakionyesha kuwa tofauti ya muda yatosha kumpa msikilizaji upande wa sauti.

Hapa ndipo lilipo lile fundo nililolitaja. Hornbostel hakuwa mtaalamu wa mizinga. Kazi yake kubwa ilikuwa kuitunza hazina ya sauti ya Berlin, Phonogramm-Archiv, iliyoanzishwa na Carl Stumpf mwaka 1900, na ndani ya hazina hiyo zilikuwamo nyimbo zetu. Mwaka 1906 Karl Weule wa Leipzig alisafiri kusini mwa nchi iliyoitwa wakati huo Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, katika sehemu za Lindi, Masasi na nyanda za Makonde, akiwa amechukua fonografu na silinda za nta. Mwaka 1909 Hornbostel mwenyewe alitoa katika jarida la Anthropos uchunguzi mrefu juu ya nyimbo za Wanyamwezi zilizonaswa kwa fonografu. Na mwaka 1928, jarida la Africa lilipoanza kutolewa, alikuwamo katika juzuu ya kwanza na makala yake juu ya muziki wa Waafrika, akidai kuwa mapigo ya ngoma zetu hayafahamiki kwa kusikiliza tu, bali kwa kuutazama mwendo wa mwili wa mpigaji.

Basi mtu mmoja alikuwa na elimu mbili. Kwa mkono mmoja alishika nadharia ya masikio mawili, bora kuliko zote za zama zake. Kwa mkono mwingine alishika silinda za nyimbo za Afrika ya Mashariki, ambazo zilinaswa kwa sikio moja. Fonografu ilikuwa na bomba moja lenye mdomo mpana, na bomba hilo lilikusanya kila sauti iliyofika, ya karibu na ya mbali, ya kushoto na ya kulia, likaipeleka kwenye sindano moja iliyochora mfereo mmoja katika nta kwa muda wa dakika mbili au tatu. Mwimbishaji aliyesimama katikati, waitikiaji waliomzunguka, mpiga ngoma aliyekuwa kando, wote walitiwa katika tundu moja. Hornbostel aliweza kuhesabu urefu wa kila sauti na kuandika kila pigo, lakini hakuweza kuirudisha duara. Mwaka 1933 utawala wa Hitler ulipoanza, alilazimika kuiacha Ujerumani kwa sababu mama yake alikuwa Myahudi, akafariki Cambridge mwaka 1935. Silinda zenyewe zilisafiri kuliko yeye. Baada ya Vita Kuu ya Pili zilichukuliwa mpaka Leningrad, zikarudishwa Berlin ya Mashariki, na mwaka 1991 zikarejea katika jumba lao la makumbusho. Mwaka 1999 UNESCO iliitia hazina hiyo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Msomaji ataweza kuuliza: hasara yake ni nini? Wimbo si umehifadhiwa? Nitajibu kwa mifano mitatu, wa kwanza katika misitu ya Usambara. R. E. Moreau, aliyefanya kazi Amani katika Usambara ya Mashariki tangu 1928 hadi 1946, alikuwa miongoni mwa waliotufahamisha ndege wa milima hii, ambao wengi wao hujulikana kwa sauti kabla ya kuonekana, kwa sababu ya unene wa msitu. Katika jamii ya tiva, dume na jike huimba wimbo mmoja kwa kupokezana. Mmoja hutoa sehemu ya kwanza, na mwenziwe hudakia katika sehemu ndogo ya sekunde, bila ya kuacha mwanya. W. H. Thorpe wa Cambridge, aliyechapisha katika jarida la Nature mwaka 1963 uchunguzi juu ya uimbaji huo wa ndege wa Afrika ya Mashariki, aliutumia kupima wepesi wa ndege kusikia na kujibu. Sasa, mtu aliye mbali nao hudhani ni ndege mmoja. Akiingia baina yao, akasikia nusu ya wimbo kushoto na nusu kulia, ndipo ajuapo kuwa ni wawili. Mnase wimbo huo kwa maikrofoni moja, na ushahidi wa kuwa ni wawili umekwisha. Mbaki na wimbo mzuri na ukweli wa uongo.

Mfano wa pili watoka Buganda, nao yafaa tuutaje kwa uangalifu kwa sababu waonekana kupinga hoja yangu. Katika amadinda, marimba yenye mbao kumi na mbili, wapigaji hukaa pande mbili za chombo kimoja wakitazamana. Mmoja hupiga sauti zake, na wa pili huzitia za kwake katika nafasi zilizo baina yake. Gerhard Kubik, aliyejifunza kwa Evaristo Muyinda mjini Kampala tangu mwaka 1959, alieleza kuwa msikilizaji husikia nyimbo ambazo hakuna mpigaji yeyote aliyezipiga peke yake. Sikio hukusanya sauti zinazokaribiana kwa urefu na kuziunga kuwa wimbo mmoja, hata zikiwa zimetoka katika mikono mbalimbali. Basi mtu aweza kusema: tazama, sikio lenyewe halijali mahali, lachanganya kwa hiari yake. Ni kweli, na ndiyo uzuri wa amadinda. Lakini uzuri huo wajulikana kwa wale wanaojua kuwa wapigaji ni wawili. Asiyejua hivyo hustaajabia wepesi wa mkono mmoja ambao haupo, na ustadi wa kweli, yaani ustadi wa watu wawili kuaminiana katika sehemu ndogo za sekunde, humpita. Msikilizaji ana haki ya kuchanganya. Mhifadhi hana haki ya kumchanganyia.

Mfano wa tatu ndio ulio karibu zaidi na kazi yetu. Ngoma ya mdumange ya Wasambaa, kama ngoma nyingi za nchi yetu, ina mwenye kuanzisha na wenye kuitikia. Na baraza la wazee wanaosimulia habari za koo lina msemaji, na pembeni mwake wamo wanaoafiki, wanaosahihisha, wanaoguna na wanaocheka. Katika fasihi simulizi twawafundisha wanafunzi kuwa hadhira ni sehemu ya kazi ya fanani. Lakini zitazame nakala zilizoandikwa kutokana na kanda za zamani: msemaji mkuu ameandikwa neno kwa neno, na wengine wote wameandikwa ndani ya mabano, ‘watu kadhaa wasema pamoja’, au ‘sauti isiyotambulika’. Huenda yule asiyetambulika ndiye aliyekuwa akisema kuwa mfalme fulani hakufa kwa ugonjwa, au kuwa shamba fulani halikuwa la ukoo ule. Aliyekuwapo barazani alijua vema ni nani, kwa sababu sauti ilitoka pale alipoketi. Kanda imempokonya mahali, na kwa kumpokonya mahali imempokonya jina. Katika nchi ambayo historia yake ni mashindano ya simulizi za koo, hiyo si hasara ndogo. Ni sawa na kuchapisha mashtaka na kuacha utetezi.

Haikuwa lazima mambo yawe hivi daima, maana njia ya kuhifadhi mahali pa sauti ilijulikana mapema. Mwaka 1881, katika Maonyesho ya Umeme ya Paris, Clément Ader aliweka vipokezi vya simu katika jukwaa la Opera, na wasikilizaji waliokuwa mbali walipewa simu mbili, moja kwa kila sikio. Wakasikia waimbaji wakitembea kutoka upande hadi upande. Mwaka 1931 Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI huko Uingereza, aliomba hati ya uvumbuzi iliyoeleza, pamoja na mengine, jinsi mfereo mmoja wa santuri uwezavyo kuchukua sauti mbili, moja katika kila ukuta wake. Hata hivyo santuri za stereo hazikuingia sokoni kwa wingi mpaka mwaka 1958 hivi. Kwa hiyo Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 akinasa nyimbo ambazo leo zimo katika hazina ya maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, alikuwa bado katika zama za sikio moja. Hatuwezi kuwalaumu watu wa zamani kwa kukosa chombo ambacho hakijafika dukani. Lakini sisi tulio nacho mfukoni tutasema nini?

Mmoja aliyeonyesha faida ya chombo hicho kwa uchunguzi wa Afrika alikuwa Simha Arom, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Katika makala ya mwaka 1976 alieleza jinsi alivyozitenga sauti za muziki wa watu wengi: alinasa kwanza muziki mzima, kisha akamwekea mpigaji mmoja hedifoni ili asikilize na kupiga sehemu yake peke yake, naye akainasa katika njia ya pili ya kanda. Kwa kurudia hivyo kwa kila mmoja, wenye muziki wenyewe walimfumbulia kitambaa uzi kwa uzi. Hapo njia mbili za kanda hazikuwa pambo la kuifurahisha starehe ya msikilizaji. Zilikuwa chombo cha kujibu swali: nani alipiga nini?

Tangu hapo elimu imekwenda mbele sana. Wataalamu walitambua kuwa tofauti za muda na za nguvu hazielezi kila kitu, kwani sauti iliyo mbele kabisa na sauti iliyo nyuma kabisa huyafikia masikio yote mawili kwa wakati mmoja. Kinachozitenganisha ni sikio la nje, na mikunjo yake. Kila mkunjo hurudisha wimbi kwa namna yake, hubana baadhi ya sauti na kuzikuza nyingine, na akili hujifunza tangu utotoni kuisoma mihuri hiyo. Ndiyo maana vikatengenezwa vichwa vya bandia, vyenye masikio kamili na maikrofoni ndani ya matundu yake. Kimoja kilionyeshwa na Bell Laboratories huko Chicago mwaka 1933. Kingine, kilichotolewa na kampuni ya Neumann mwaka 1973, kilitumika mwaka huo huo katika mchezo wa redio mjini Berlin. Anayeyasikiliza kwa hedifoni yaliyonaswa na kichwa cha namna hii hujiona amekaa pale kilipokaa kichwa. Baadaye tarakilishi zikafundishwa kazi hiyo hiyo. Mwaka 1994 Bill Gardner na Keith Martin wa MIT walipima jinsi kichwa cha bandia kiitwacho KEMAR kinavyopokea sauti kutoka mahali 710, na vipimo hivyo vikawezesha programu kuichukua sauti yoyote iliyo tupu na kuiweka popote kumzunguka msikilizaji.

Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo mwanafunzi wa lugha atalifahamu upesi kuliko fundi: kichwa hicho ni cha nani? KEMAR ni kichwa cha wastani, nacho cha wastani si cha mtu yeyote. Wachunguzi wa chuo kikuu cha California huko Davis walipotoa mwaka 2001 vipimo vya masikio ya watu 43, tofauti zilidhihirika: kila mtu ana mihuri yake. Mtu akisikiliza kwa masikio ya mwingine, mara nyingi sauti ya mbele huisikia nyuma, au huisikia ndani ya kichwa chake mwenyewe. Walakini mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1998 wachunguzi wa Uholanzi waliwatia watu vipande laini masikioni ili kuibadili mikunjo yao. Mwanzoni watu hao walishindwa kujua kimo cha sauti. Baada ya wiki chache wakajifunza masikio mapya. Na vipande vilipotolewa, yale ya zamani hawakuwa wameyasahau. Ni kama ajifunzaye lugha ya pili asivyoipoteza ya kwanza. Basi kusikia mahali ni namna ya kusoma, na kila mtu ameifunzwa na mwili wake na nchi yake.

Kutokana na hayo nina mashauri matatu kwa wanaokwenda kukusanya simulizi, Usambara au kwingineko. La kwanza, wasitosheke na maikrofoni moja. Maikrofoni mbili ndogo, zikiwekwa zimetengana kwa upana wa kichwa, au zikivaliwa masikioni na mnasaji mwenyewe, zatosha kuihifadhi duara ya baraza. Vyombo hivyo leo si vya matajiri tu. La pili, waandike waketipo watu: mchoro wa mviringo wenye majina, kwa idhini ya wenyewe, ni karatasi moja tu, nao utaifanya kanda isomeke miaka hamsini baadaye. Na la tatu, sauti iliyonaswa namna hii irudi iliponaswa. Silinda za mwaka 1906 zimekaa Berlin, Leningrad na Berlin tena, na wajukuu wa waimbaji wake hawakuulizwa. Anayeweza kumtambua mzee aliyeguna upande wa kushoto hayuko katika chumba cha vitabu cha ng'ambo. Yuko Vuga, Soni au Mlalo, naye umri wake haumngoji mtafiti.

Ziko hoja za kunipinga, nami nazikubali kwa kadiri yake. Yaweza kusemwa kuwa kanda za sikio moja zimetupa hazina tele, na kuwa maneno ni bora kuliko mahali pake. Sikatai, aliyehifadhi nusu amemshinda aliyepoteza zote, na kazi ya Weule, Hornbostel na Tracey itaendelea kutumiwa. Yaweza kusemwa pia kuwa hata masikio mawili hayahifadhi yote: macho ya msimulizi, harufu ya moto, ubaridi wa jioni. Nalo ni kweli. Lakini kutoweza kuhifadhi kila kitu si udhuru wa kuacha kile kiwezekanacho kwa gharama ya maikrofoni moja ya ziada. Kumbukumbu ya sauti ni ushahidi, na ushahidi huulizwa mambo matatu: ni nini kilichosemwa, ni nani aliyesema, na alikuwa wapi. Silinda ilijibu la kwanza, na la pili ililijibu kwa shida. La tatu limebaki juu yetu.